Fundi wa Njia Inayolala

Fundi wetu wa mtandao alikuwa na tabia ya kusoma nondo. Nasema zile nondo zinazoachwa zimechomoza juu ya paa za nyumba hapa Dar, mwenye nyumba akijiahidi kwamba Mungu akijalia ataongeza ghorofa. Sisi wengine tunazipita bila kuziona. Yeye alikuwa akisimama juu ya paa la duka letu la samani pale Mwenge, mikono kaifunga nyuma, anazisoma kama mzazi anavyosoma matokeo ya mtihani yaliyobandikwa ubaoni.

"Yule wa geti la bluu kashakata tamaa, nondo zimeota kutu hadi zimepinda. Yule wa kona kaanikia viatu, hana haraka. Lakini huyu hapa mbele yetu, unaona? Kazipaka saruji nyepesi zisiliwe na kutu. Huyu ana nia. Huyu ndiye wa kumwogopa."

Wa kumwogopa alikuwa Mwalimu, mama mstaafu aliyefundisha hesabu shule ya msingi karibu maisha yake yote, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Nyumba yake ilikuwa na ghorofa moja, na nondo zake zilikuwa zimesimama wima. Nitamfikia.

Mie nilikuwa mapokezi, na nilikaa na Fundi miaka tisa. Alikozaliwa sikuwahi kumuuliza. Nilijua mkewe alishafariki, nilijua hagusi maharage, na nilijua mlio wa kandambili zake akipanda ngazi za kwenda paani, maana viatu alikuwa akivivua chini kwa heshima, kama anaingia mahali pa ibada. Hata maseremala wa karakana yetu, ambao ndio mafundi hasa, walikubali kumwachia jina la Fundi.

Kampuni ile ilikuwa imesimama sehemu mbili. Karakana iko Chang'ombe, huko mbao zinakatwa. Duka liko Mwenge, huku wateja wanakalia makochi wasiyoyanunua na wachoraji wetu wanachora vitanda kwenye kompyuta. Kule Chang'ombe kulikuwa na mashine ya kukata mbao inayoongozwa na kompyuta, ya mtumba, yenye kiburi cha ajabu: haikubali amri isipokuwa ya kompyuta iliyo nayo kwenye mtandao mmoja, kana kwamba wamekaa chumba kimoja. Na kati ya Mwenge na Chang'ombe kuna nusu ya jiji.

Kazi ya Fundi ilikuwa kuidanganya. Aliuchukua mtandao wa karakana akauvuta mpaka Mwenge, hadi kompyuta za dukani zikajiona ziko Chang'ombe kwenye vumbi la mbao, bega kwa bega na mashine. Wenzake wa fani wanaiita hiyo VLAN, na wanaipa namba. Ya kwetu ilikuwa ishirini, kwa hiyo Fundi akaiita Chumba Ishirini. Alipoambiwa tatizo lolote, swali lake la kwanza lilikuwa, "Ni ndani ya Chumba Ishirini au nje?" Mlinzi wetu aliwahi kumzungusha mgeni mzima jengo zima akimtafutia Chumba Ishirini. Jengo lina vyumba saba.

Chumba hicho kilikuwa na njia mbili za kukiunganisha. Ya kwanza ilikuwa faiba, waya wa mtandao wa kukodi, unaopita chini ya ardhi. Ya pili ilikuwa ya Fundi mwenyewe: dishi moja juu ya mnara wa Chang'ombe na jingine juu ya paa letu, yanaangaliana juu ya vichwa vya watu. Faiba inafanya kazi, dishi linalala. Faiba ikikatika, dishi linaamka lenyewe.

"Ndani ya muda wa kupiga chafya," alikuwa akisema. "Mashine haitajua hata kama kumetokea msiba."

Tatizo ni kwamba faiba haikukatika. Miaka ikapita, dishi limelala, na Mkurugenzi wetu, mama mwenye macho makali kuliko mkaguzi, akaanza kuliulizia.

"Fundi, mie nalipia umeme wa kitu kinacholala?"

"Mama, hata mlinzi umemwajiri na wezi hujawahi kuwaona."

"Na mlinzi naye analala," akajibu Mkurugenzi, na mlinzi aliyekuwa mlangoni akajikohoza.

"Basi liamshe, zifanye kazi zote mbili. Si tutakwenda kasi?" Mkurugenzi aliendelea.

Hapo Fundi alitoa maelezo ambayo nimewahi kumsikia akiyatoa kwa maseremala, kwa mama ntilie wa nje, na mara moja kwa shehe aliyekuja kununua kabati. "Mama, una kundi la WhatsApp la familia ya kwenu? Na la ukweni? Sasa chukua shangazi mmoja ambaye yumo kwenye yote mawili. Kila tangazo la harusi analoliona huku, analipeleka kule. Safi, habari imefika. Sasa ongeza mjomba, naye yumo kote, naye kazi yake ni hiyohiyo. Shangazi analeta tangazo, mjomba analirudisha, shangazi analiona anafikiri jipya, analeta tena. Kufika jioni simu ya kila mtu imeganda na bibi harusi kaolewa mara elfu. Njia mbili zikiamka pamoja, ndiyo hiyo. Lazima mmoja anyamazishwe. Siyo afukuzwe. Anyamaze, akae, asubiri."

"Mjomba wangu huyo namjua," alisema Mkurugenzi, na kikao kikaisha kwa kicheko. Lakini dishi hakulisahau.

Maisha yake yote Fundi aliyapanga kwa kanuni hiyo. Alikuwa na simu mbili, moja imezimwa mfukoni. Kalamu mbili, moja ina kifuniko ambacho sikuwahi kukiona kimetoka. Suruali aliifunga mkanda, na ndani yake, maseremala waliapa, kulikuwa na kamba. Alikuwa na funguo mbili za kila kufuli, ya pili kaiacha kwa jirani, na jirani ana jirani. Wale vijana wa kupaka vanishi walimwanza kila siku.

"Fundi, na mke je? Mbona huko hukuweka wa pili?"

"Huko hakuna kifaa cha kumlaza mmoja," alijibu, na kuendelea na kazi yake.

Nisije nikamchora kama malaika. Mtu huyu aliyetuhubiria mzunguko wa shangazi na mjomba miaka yote ndiye aliyetuletea mzunguko. Swichi, yale makasha ya kugawa mtandao, zina ulinzi wake, zinachunguza kila waya unaochomekwa kabla ya kuupitisha, na uchunguzi huo unachukua kama nusu dakika. Asubuhi moja Mkurugenzi alilalamika kwamba kompyuta ya wachoraji inachelewa kuamka. Fundi, ambaye hakuwa mwepesi wa kumkatalia mwanamke aliyekunja uso, akauzima ulinzi ule kwenye swichi ya dukani. Kisa ni nusu dakika tu. Wiki hiyohiyo mlinzi wetu, mtu nadhifu asiyependa kuona kitu kinaning'inia, aliona waya umening'inia kwenye kabati la swichi, ncha moja imechomekwa na nyingine iko wazi. Akauhurumia. Akautafutia tundu kwenye swichi ileile.

Duka na karakana vilisimama kwa saa tatu. Taa za swichi ziliwaka zote kwa pamoja kama ukumbi wa harusi. Kule Chang'ombe mashine ilinyanyua kisu juu na kubaki hivyo, kama imesahau ilichotaka kusema. Fundi alipougundua ule waya, hakumgusa mlinzi. Alisimama kwenye kikao akasema, "Aliyechomeka ni mlinzi. Aliyefungua mlango ni mie. Mniandike mie." Mlinzi tangu siku hiyo alimpigia saluti, na hakugusa waya tena hata wa pasi yake nyumbani.

Sasa Mwalimu.

Nyumba yake ilikuwa katikati ya macho ya dishi letu na mnara wa Chang'ombe. Ilivyokuwa, mawimbi yalipita juu ya paa lake kwa nafasi ndogo. Angeongeza ghorofa, dishi lingekuwa linatazama ukuta. Kwa hiyo Fundi alimchunga Mwalimu kama watu wanavyochunga bei ya mafuta. Alikwenda kwenye hitima ya kaka yake. Alichangia harusi ya mpwa wake, na alikaa kwenye kamati. Mwalimu alipougua malaria, Fundi ndiye aliyempeleka machungwa, na aliporudi hakusema mgonjwa anaendeleaje, alisema, "Hajataja mchanga wala kokoto."

Na hapa ndipo nilipokuwa nikimshangaa. Zile nondo alizoziogopa, zile zilizopakwa saruji nyepesi, aliyezipaka ni yeye. Mwalimu alimwomba, naye akapanda na ndoo. "Fundi," nilimwambia, "si ungeziacha zioze?"

"Mwanangu, nondo za mtu ni nia yake. Utaozeshaje nia ya mtu?"

Siku ilifika. Watoto wa Mwalimu walikubaliana kumjengea mama yao, na lori la kwanza la kokoto likamwagwa. Fundi alivaa shati la kitenge, akanunua kilo mbili za sukari, akavuka barabara kwenda kumwomba Mwalimu asijenge. Alikaa huko tangu saa nne hadi adhuhuri. Mie niko mapokezi, natazama mlango wa Mwalimu. Aliporudi alikuwa na kipande cha karatasi chenye mchoro.

"Kakubali?"

"Nguzo walizompangia ni nyembamba," alisema. "Nimempa namba ya fundi mzuri."

"Fundi! Si ulikwenda kumzuia?"

"Nilikwenda kumzuia. Nimemsaidia kuchagua tofali."

Kabla sijacheka akaongeza kwamba Mwalimu amekubali dishi lihamie kwake, juu kabisa ya ghorofa mpya. Alikuwa na sharti moja tu. Fundi aliahidi nguzo mbili za chuma, moja ya kushikilia dishi na nyingine ya akiba, bila shaka, na Mwalimu alitaka ruhusa ya kufunga kamba ya nguo kati ya hizo mbili. Huko juu kuna upepo mzuri, alisema, na yeye Jumatatu ni siku yake ya kufua, tangu anaajiriwa.

Fundi alikubali haraka. Alilijutia hilo baadaye, lakini siku ile alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Mwenge.

Dishi lilihamia ghorofani, waya wake ukavushwa barabara hadi dukani, nalo likalala huko. Mwaka mmoja baadaye tulipata oda kubwa kuliko zote, vitanda na makabati ya hoteli moja ya Mbezi Beach, na kwenye kikao cha kuipanga Mkurugenzi alitoa uamuzi wake. Alikuwa mtulivu, na utulivu wake ndio uliotutisha.

"Fundi, mie nakuheshimu kama kaka. Lakini njia hii sijawahi kuiona inafanya kazi. Mwisho wa mwezi dishi linashuka. Na mkataba wako unaishia mwezi huohuo. Sina sababu ya kuongeza mtu wa kulinda kitu kinacholala."

Fundi alikunja mikono. "Ikifanya kazi kabla ya hapo?"

"Niione kwa macho yangu. Sitaki kuhadithiwa."

Kweli, hakuna aliyewahi kuiona isipokuwa yeye. Kila Ijumaa mchana, mashine ikizimwa watu wakienda kuswali na kula, alikuwa akichomoa faiba dakika moja, dishi likaamka, akalitazama kama anamnywesha mgonjwa dawa, kisha anairudisha. Nikamshauri akaichomoe mbele ya Mkurugenzi, mambo yaishe.

"Huo utakuwa mchezo wa kuigiza," alisema. "Mie najua lini nachomoa. Siku yenyewe haigongi hodi." Akaenda kukaa kwenye kiti chake, na kwa mara ya kwanza nikaona kazisahau simu zote mbili juu ya kaunta yangu.

Zilibaki siku nne mwezi uishe, Jumatatu, saa tano asubuhi. Mwenye hoteli alikuwa dukani kwetu na Mkurugenzi, wanatazama kwenye skrini kubwa mbao zake zikikatwa Chang'ombe. Yule bwana alikuwa na ndege mchana na alikwishasema wazi: akiridhika anasaini, asiporidhika kuna karakana nyingine. Fundi alikuwa kule Chang'ombe kando ya mashine. Mie nilikuwa namimina chai.

Huko njiani watu waliokuwa wakichimba mtaro wa maji wakaikata faiba yetu. Hilo tulilijua baadaye. Tulichokiona ni picha kwenye skrini kukwama, kisha kuchezacheza, kisha kukwama tena. Mkurugenzi akatabasamu tabasamu la meno ya mbele peke yake. Simu ya mapokezi ikalia.

"Mwanangu, faiba imekufa. Dishi limeamka," Fundi alisema. Nyuma yake nilisikia maseremala wanapiga kelele. "Lakini linahema kama lina pumu. Mashine inaamka, inazimia, inaamka. Kuna kitu mbele yake. Toka nje, tazama kwa Mwalimu juu. Kumejengwa nini?"

Nilitoka na simu ya mkononi nikampigia nikiwa barabarani. "Hakujajengwa kitu. Kuna nguo kwenye kamba."

"Nguo gani?"

"Mablanketi."

"Makavu?"

"Fundi, yanachuruzika."

"Mangapi?"

"Naona manne. Na pazia."

"Lahaula! Leo Jumatatu!" Sijawahi kumsikia akipiga kelele kabla wala baada ya siku ile. "Maji, mwanangu, maji yanakunywa mawimbi yote! Anua! Kimbia ukaanue!"

Nilivuka barabara na viatu vya mapokezi mkononi. Mlinzi aliniona, akadhani kuna mwizi, akanifuata na kirungu. Ghorofa ya kwanza, ya pili, ngazi za zege bado hazijasakafiwa, nikatokeza juu nikihema. Mwalimu alikuwa na blanketi la tano mabegani, anatafuta mahali pa kulibana.

"Shikamoo Mwalimu, naomba uanue!"

"Marahaba. Nianue kwa nini? Nimemaliza kuanika sasa hivi."

"Fundi anafukuzwa kazi!"

"Kwa mablanketi yangu?"

"Mwalimu, yameziba dishi!"

Mwalimu alilitazama dishi, akayatazama mablanketi, na nikauona uso wa mtu aliyesahihisha hesabu maisha yake yote. Hakuuliza swali jingine. "Wewe shika huku. Na wewe mwenye rungu, weka hilo rungu chini, shika pazia. Yasiguse sakafu, nimeyafua mara mbili!" Tukasimama pale watu watatu, tumekumbatia mablanketi mabichi, maji yanatutiririka hadi kwenye nyayo. Simu nimeibana kwa bega, spika iko wazi.

"Fundi?"

Kwanza sikusikia sauti yake. Nilisikia mashine. Ule mlio wa kisu kinachoingia kwenye mninga, mrefu, mfululizo, haukatiki.

"Msishushe mikono," alisema polepole. "Bado mbao kumi na moja."

Tulisimama muda wote wa mbao kumi na moja. Mlinzi alianza kupiga chafya. Mwalimu, blanketi kifuani, alituhesabia kwa sauti kila Fundi alipotaja mbao imekwisha, na alipokosea kutaja alimsahihisha.

Mwenye hoteli alisaini. Mkurugenzi alikuwa ametokeza mlangoni mwa duka kunitafuta, akatukuta juu kule, wafanyakazi wake wawili na mwanamke mzima wamepanga foleni na mablanketi. Jioni alimwita Fundi aliyekuwa amerudi mbio kutoka Chang'ombe.

"Kwa hiyo njia yako imefanya kazi."

"Umeiona kwa macho yako, Mama."

"Nilichoona mie ni mablanketi." Akavuta karatasi mezani. "Mkataba ni miaka miwili. Na kamba ya yule mama ihamishwe kesho."

Fundi alimaliza miaka yake miwili, akastaafu kwa sherehe ndogo ambayo keki zilikuwa mbili. Aliyekuja baada yake ni kijana mzuri mwenye kompyuta nyepesi. Alileta faiba ya pili inayopita barabara nyingine, na dishi likashushwa. Chumba Ishirini bado kipo. Siku hizi hakuna anayepanda paani.

Juzi Jumatatu nilikuwa natoka kununua vikombe pale Mwenge nikamwona mbele yangu, shati la kitenge lilelile, kabeba mizunguko miwili ya kamba ya nailoni begani.

"Shikamoo Fundi!"

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa, vizuri."

"Kamba mbili za nini?"

"Za Mwalimu. Ile ya zamani imelegea. Moja itaanikiwa, nyingine inakaa tu, inasubiri."

"Fundi, lakini dishi si walishalishusha?"

"Walilishusha. Nilikuwepo."

"Sasa wewe Jumatatu unakwenda kufanya nini kwa Mwalimu?"

Alisimama, akahamishia kamba bega la pili, akanitazama kama alivyomtazama Mkurugenzi siku ya shangazi na mjomba, kwa subira ya mtu anayejua atalazimika kueleza tangu mwanzo.

"Kuanua," alisema. "Blanketi likiloa ni zito. Halibebwi na mtu mmoja."

Tukafika usawa wa nyumba. Juu kule, kwenye zile nguzo mbili za chuma, kamba ya zamani ilikuwa imebonyea kwa mablanketi, na pembeni yake Mwalimu alikuwa amefunga kamba nyingine ya muda, ya kanga zilizofungwa ncha kwa ncha, nayo imejaa. Alikuwa ameegemea ukuta wa paa anatazama barabarani. Alipomwona akanyanyua mkono kuonyesha saa.

"Zote mbili kwa pamoja!" Fundi alinong'ona. "Mtu huyu hafundishiki."

Akavua viatu pale chini mlangoni, akavipanga vizuri kando ya ndala za Mwalimu, akaanza kupanda ngazi.